Nakala ya Mnadani Ilivyodanganya Siku Ishirini na Sita

Nimewahi kuona ng'ombe mmoja akiwa na wenyewe wawili, na kompyuta mbili, kila moja inaapa kwamba inasema kweli.

Katikati ya ugomvi wa kompyuta hizo alikaa mzee mmoja, kafungwa kamba mikono, kamwagiwa maji ya mavi ya ng'ombe kichwani.

Naitwa Fikiri. Haya nayaandika nikiwa na kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni changu mwenyewe. Kama unasoma huku unakula, maliza kwanza.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye ushirika mmoja wa wafugaji. Makao yetu yako Tabora mjini, si mbali na hospitali ya Kitete. Jina la ushirika naliweka kapuni, maana bado unanilisha.

Kila ng'ombe wa mwanachama wetu amevalishwa hereni ya plastiki sikioni, yenye namba. Namba hiyo na jina la mwenye ng'ombe viko kwenye sava pale ofisini. Sava hiyo tunaiita Mama. Mama akisema ng'ombe ni wa fulani, basi ni wa fulani.

Sasa minada iko mbali, na mtandao wa huko huja ukijisikia.

Kwa hiyo kila mnada tuliuwekea kompyuta yake, yenye nakala ya kila kitu alichonacho Mama. Mama akiandika jipya, nakala inavuta na kuandika vilevile. Ofisini tunaita kusinki. Ni kama mwanafunzi anayenakili ubaoni, haongezi lake wala hapunguzi.

Karani wa mnada anasoma hereni, anatazama jina kwenye nakala. Likifanana na la muuzaji, biashara inaendelea. Lisipofanana, muuzaji ana maelezo ya kutoa.

Nakala ikibaki nyuma ya Mama, mnada mzima unasoma habari za zamani bila kujua.

Ndiyo maana niliweka taa kwenye skrini kubwa ya ukutani ofisini, na kwenye kila kompyuta ya mnada. Kijani, nakala iko sawa na Mama. Nyekundu, imebaki nyuma. Nilijivunia sana taa zile.

Halafu siku moja tukawa na wageni wazito. Minada miwili ikawa nyekundu tangu asubuhi. Meneja wetu, Valentino, akanivuta pembeni akaniambia nifanye taa iwe kijani ilimradi kompyuta ya mnada imewaka tu. Kwa leo tu, akasema.

Nikafanya. Wageni wakapiga picha ukuta wa kijani, wakala pilau, wakaondoka.

Hiyo "leo" ikafika miezi mitano.

Sasa njoo kwenye Jumamosi yenyewe.

Saa tatu asubuhi Valentino ananipigia. Kuna mtu kakamatwa mnadani upande wa Lusu, kule Nzega, na ng'ombe ambaye si wake. Jina lake Masolwa. Kompyuta ya mnada inasema ng'ombe ni wa mtu anaitwa Ngassa. Mzee anasema ng'ombe alimpata kwa mahari ya binti yake na uhamisho uliandikwa.

Nikamuuliza Mama. Hereni namba 4417, mwenye ng'ombe ni Masolwa, kahamishiwa kutoka kwa Ngassa wiki tatu zilizopita.

Mzee alikuwa anasema kweli tupu.

Nikamwambia Valentino awapigie awaambie. Alishawapigia. Sungusungu, walinzi wa vijiji vya kule, wamekataa, wanasema simu ya kutoka mjini hata mwizi anaweza kuipanga. Wanaamini kile wanachokiona kwenye skrini ya mnada wao. Nikaona hapa kimeumana.

Nikachukua pikipiki ya ofisi na diski yenye nakala mpya ya Mama, ya asubuhi ileile. Barabara ya Nzega ni njia waliyopita babu zetu wapagazi, na pembe za ndovu na vitambaa vya watu begani. Mimi nilipita na ng'ombe elfu thelathini na mbili kwenye mfuko wa shati.

Nilifika saa sita na nusu.

Ofisi ya mnada ni chumba kimoja kilichopakana na banda la ngozi mbichi. Harufu yake inakukaa kooni. Kompyuta ilikuwa juu ya kreti la soda, na nyuma ya betri panya walikuwa wamezaa, watoto wekundu wanajinyonganyonga kwenye karatasi zilizotafunwa.

Karani, Wilbroad, alikuwa anakula utumbo wa kukaanga kwenye karatasi ya kaki. Alikuwa anakula huku anabonyeza kompyuta kwa vidole vilevile. Vitufe vilikuwa na utando wa mafuta, na sisimizi walikuwa wanakatiza juu yake kama barabarani.

Nikatoka nje kuvuta hewa. Nilikuwa sijaona bado.

Nje, kwenye ukuta wa banda la ngozi, ndipo alipokaa Mzee Masolwa. Umri kama wa baba yangu. Shati limechanwa hadi kitovuni, na yale maji ya mavi yameanza kumkaukia shingoni. Watu walikuwa wanapita na kumtemea mate, kisha wanaendelea na shughuli zao, kama mtu anayelipa ushuru. Dada mmoja alikuwa anamrekodi kwa simu huku anacheka.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyemjua. Ndicho kilichonichefua zaidi.

Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Binti yake, Ng'washi, alikuwa amesimama pembeni na kitenge kimeloa machozi. Alikuwa mwanamke mwenye miaka ishirini na kitu, kaolewa wiki tatu zilizopita kijiji cha jirani. Akanishika mkono.

"Kaka, huyo ng'ombe katolewa kwa ajili yangu. Wakisema ni wa wizi, basi na mimi nimeolewa kwa wizi."

Nikamuuliza yuko wapi Ngassa, huyo baba mkwe aliyemtoa. Akasema yuko shamba, mbali, simu haipatikani. Akaanza kunieleza jambo jingine kuhusu baba yake, kwamba sikiliza kaka, baba hapa hakuja... Nikamkatisha. Nikampa nauli ya bodaboda, nikamwambia aende akamlete Ngassa, hayo mengine baadaye.

Akaenda.

Kamanda wa sungusungu, Samweli, alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniambia mwezi huu peke yake wameibiwa ng'ombe zaidi ya thelathini katika vijiji vyao. Vijana hawalali, wana hasira, na leo wamepata wa kumfanyia mfano. Akatazama jua.

"Nakupa mpaka saa nane. Ikipita hapo, mimi siwazuii."

Nikarudi ndani. Juu ya skrini taa ilikuwa kijani, nzuri, inang'aa. Taa yangu.

Nikafungua kwa ndani, kule ambako hakuna urembo. Mara ya mwisho nakala kulingana na Mama ilikuwa siku ishirini na sita zilizopita.

Siku ishirini na sita. Kila kilichoandikwa Tabora tangu siku hiyo, ikiwemo mahari ya Ng'washi, hakikufika hapa. Na kila asubuhi mimi nilikuwa nakunywa chai nikitazama kijani.

Sababu ilikuwa imeandikwa pale. Nakala ilileta taarifa ya ng'ombe mmoja kutoka kwa Mama, ikakuta taarifa za ng'ombe huyo zimeshabadilishwa hapahapa. Ikashindwa kujua imfuate nani, ikasimama.

Nakala haijiandikii. Kuna mtu aliiandikia.

Nikamgeukia Wilbroad. Akalamba kidole. Akasema alirekebisha tu herufi za majina ya watu wawili watatu, mtandao haukuwepo na foleni ilikuwa ndefu. Nywila ya kuandikia alipewa na Valentino mwenyewe, ili mnada usisimame.

Nikampigia Valentino nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Futa hiyo nakala yote, pandisha mpya ya kwako, halafu uisinki na Mama," akasema. "Leo si siku ya upelelezi, Fikiri. Kuna mtu atauawa hapo."

Na alikuwa sahihi. Mtu angeuawa.

Sikiliza hapa vizuri. Kwenye kazi yetu kuna kitu kimoja ambacho hata mtoto wa chuo anafundishwa siku ya kwanza. Kabla hujafuta kitu, hata kikiwa kibovu, kinakili pembeni. Mimi mwenyewe nimewafundisha makarani wote wa minada. Diski yangu ilikuwa na nafasi tele. Ingechukua dakika kumi.

Saa ilikuwa saba na dakika kumi. Kupandisha nakala mpya ni dakika arobaini. Ukiongeza kumi, inagonga saa nane kamili, na nje wameshaanza kukusanya fimbo.

Nilikuwa na kidole juu ya kitufe mzee aliponiita kupitia dirishani.

"Mwanangu, kuna jambo nataka uniangalizie humo kwenye mashine."

"Mzee, tulia kwanza nikutoe hapo," nikamjibu.

Nikafuta.

Mstari wa kusubiria ukaanza kutembea, pole pole. Nilikaa dakika arobaini pale sina cha kufanya. Mzee yuko hatua tano kutoka kwangu. Akaniita tena, nikamwonyesha mkono kwamba avumilie. Wilbroad akaniletea soda baridi, kashika mdomo wa chupa kwa vidole vyake vile. Nikapangusa, nikanywa.

Saa saba na dakika hamsini nakala mpya ikakaa. Nikawasha mtandao wa simu yangu, nikaiunganisha na Mama, ikavuta yaliyoandikwa tangu asubuhi. Nikahesabu huku, nikahesabu kule. Ng'ombe kwa ng'ombe, sawa.

Nikamwita Samweli aje asome mwenyewe. Akaandika namba kwa kidole kimoja. 4417. Akasoma kwa sauti ili watu wote wa mlangoni wasikie: Masolwa, amehamishiwa kutoka kwa Ngassa, mahari.

Wakamfungua kamba.

Hakuna aliyeomba radhi. Samweli alisema mashine ilikosea, na hilo likawatosha. Watu walewale waliomtemea mate wakapanga foleni kumshika mkono, wengine wanacheka, wanamwambia pole mzee, si unajua dunia ya siku hizi. Yule dada wa simu akafuta video yake, akaomba apige naye picha.

Halafu wakanigeukia mimi. Wakanipigia makofi. Kuna mmoja aliniita daktari wa kompyuta. Na mimi, nisikufiche, nikajiona mwamba.

Nikataka kumfurahisha mzee zaidi. Nikamkaribisha ndani, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikaandika jina lake. Zikatokea namba sita zinazofuatana, kuanzia 4412 hadi 4417.

"Tazama, mzee," nikamwambia. "Wote sita wako kwa jina lako. Hakuna wa kukugusa tena."

Akazihesabu kwa kidole, moja moja. Tone la maji machafu likamtoka kwenye nywele likaangukia kreti.

"Sita," akasema. "Mbona nyumbani ninaye huyu mmoja tu."

Nikadhani hajanielewa.

Akanieleza taratibu, Kiswahili chake kikichanganyika na Kisukuma alipopatwa na uchungu. Ng'ombe sita wa mahari waliingia zizini kwake. Wiki moja baadaye wezi wakavunja zizi wakaondoka na watano, huyu dume akabaki kwa sababu alikuwa amefungwa kando anaumwa mguu. Sita hao ndio walikuwa wa kumlipia mahari mwanawe wa kiume, kaka yake Ng'washi. Mchumba alishapatikana, siku ilishapangwa.

Akasikia kwa watu kwamba watano hao walipita mnada huu. Walipita mchana, wakauzwa kihalali, mbele ya karani.

Ndipo akapata wazo. Namba zao zinafuatana. Akamswaga huyu aliyebaki mpaka mnadani, kilomita ishirini, mguu wake hivyohivyo mbovu, ili karani asome sikio lake, kisha asome namba za jirani zake, aseme ziliuzwa kwa jina la nani.

Hakuja kuuza ng'ombe. Alikuja kuuliza.

Na alipouliza tu, Wilbroad akasoma sikio, akaona bado limeandikwa Ngassa, akasimama juu ya kiti na kupiga yowe la mwizi.

"Nilikuwa nakuita uniangalizie waliuzwa na nani," mzee akamaliza. "Sasa angalia."

Nikageuka. Wilbroad alikuwa amechukua kitambaa, anapangusa vitufe vya kompyuta, kimoja kimoja, kwa uangalifu.

Hapo ndipo nikaelewa nilichokifanya.

Fikiria mwenyewe. Ng'ombe wa wizi hawezi kuuzwa pale mpaka nakala iseme ni wa muuzaji. Kwa hiyo lazima mtu aiandikie nakala jina la muuzaji. Ng'ombe zaidi ya thelathini, majina yao yote ya uongo, yalikuwa mle ndani. Yalikuwa yamekaa siku ishirini na sita yanamsubiri mtu wa kuyasoma. Mama hakuwa nayo, kwa sababu hayakuandikwa kwake. Yalikuwa kwenye nakala ile tu, duniani kote.

Na mimi nilikuja na pikipiki kutoka Tabora, nikayafuta.

Wezi wangekuwa na akili ya kuniajiri, wasingepata mfanyakazi bora.

Nilimbana Wilbroad mbele ya Samweli. Vitabu vya stakabadhi viko wapi? Akatuonyesha nyuma ya betri, kwenye kile kiota. Panya, akasema, na akatabasamu. Samweli akanitazama mimi, siyo yeye. Akaniuliza nina kitu gani cha kumwonyesha. Sikuwa na kitu.

Saa tisa Ng'washi akarudi na Ngassa nyuma ya bodaboda. Mzee wa watu kaja na jembe mkononi, anahema, anasema mbele ya wote kwamba ni kweli alitoa sita. Watu walikuwa wameshatawanyika. Ng'washi akanitazama usoni, akajua kwamba jibu alilolifuata baba yake halipo. 

Nilirudi Tabora na diski niliyoichomoa kwenye kompyuta ya mnada, nikiwaachia ile yangu yenye nakala mpya. Siku tatu nilijaribu kila mbinu niijuayo kufufua nilichofuta. Maandishi mapya yalikuwa yamekaa juu ya ya zamani. Hakuna hata jina moja lililorudi.

Nikaandika ripoti kurasa nne. Siku ishirini na sita, nywila ya kuandikia, taa ya kijani niliyoitengeneza mwenyewe, ng'ombe watano wa Masolwa. Valentino aliirudisha baada ya saa moja ikiwa na mstari mmoja: hitilafu ya mtandao, imetatuliwa siku hiyohiyo. Akaniambia nisaini, na akanipongeza kwa kuokoa maisha ya mtu.

Nikasaini.

Sijui kama Valentino alikuwa kwenye mchongo au alipenda tu ukuta wake uwe wa kijani. Siwezi kumtaja kwa lolote, sina ushahidi. Ushahidi niliufuta.

Wilbroad bado ni karani palepale. Anaagiza utumbo wake kila Jumamosi. Na mimi bado nipo kazini, nihukumu unavyotaka.

Wiki mbili baadaye nilikwenda nyumbani kwa Mzee Masolwa. Sikuweza kukaa na lile jambo. Zizi lilikuwa tupu, dume peke yake kwenye kona, mguu bado umevimba. Kijana wake hakuwepo. Uchumba ulivunjika, akaenda kufanya kibarua cha tumbaku Ipole, na hajasema atarudi lini.

Nikamweleza mzee yote, kuanzia taa mpaka saini. Sikujipunguzia hata moja.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo uliyoifuta," akasema, "hairudi?"

"Hairudi, mzee."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, ningeondoka nimepumua. Badala yake akanyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumwokoa. Alimaanisha. Alikuwa ananishukuru kwa moyo wote.

Nilisimamisha pikipiki kabla ya kufika barabara kubwa, nikatapika.

Wewe fundi, wewe karani, wewe bosi unayesoma hii. Kabla hujafuta uongo, tunza nakala yake, maana jina la aliyeusema limo humohumo. Ukitumwa kusafisha haraka, jiulize nani ana haraka hiyo. Na ukimkuta mtu kafungwa, usimwokoe tu, muulize alikuja kufuata nini.

Mimi nilikaa hatua tano kutoka kwake kwa dakika arobaini, nakunywa soda, na sikumuuliza.